Waya wa Kwa Nduku

Likoni, Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Vuli imeingia leo alasiri kwa kishindo. Matone ya kwanza yalipogonga mabati tu, kengele ikalia.

Niliiacha kanzu ya watu chini ya sindano, nikajitanda leso, nikatoka mbio. Kengele iko kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea, lakini si ya nyumba yangu. Ni ya nyumba ya Nduku, ng'ambo ya bonde la mpunga. Ya kwetu iko kwake, juu ya meza yake ya kulia. Ndivyo alivyozifunga marehemu mumewe, Musyoka, mwaka ule tulioibiwa cherehani mbili na majora ya vitambaa. Musyoka alikuwa fundi wa nyaya za simu. Alipitisha waya milangoni na madirishani kwa nyumba zote mbili, akauvusha bonde juu ya minazi, akatuambia: "Kengele ikilia kwako, mwizi atakimbia au atakurukia na panga. Ikilia kwa jirani, mwizi hasikii kitu, na jirani atamjia kwa nyuma." Mume wangu Rama siku ile alicheka mpaka akapaliwa.

Baadaye pumu ya Nduku ilipozidi, Musyoka akaongeza kitufe kando ya kitanda chake. Kifua kikimbana hawezi hata kuita. Yeye abonyeze tu, mimi nije. Sasa Musyoka ametangulia, huu mwaka wa pili, na binti yao Agneta ameolewa Makindu. Nduku anakaa peke yake. Kengele ikilia huenda ni mwizi, huenda ni kifua, siwezi kujua mpaka nifike.

Leo hakukuwa na mwizi wala kifua. Nilimkuta amekaa barazani anapepeta choroko.

"Mwanalehema! Mbona umelowa hivyo?"

Ulimi wake wa Kikamba haujapata kuikubali r ya jina langu. Miaka imepita mingi, nami nimelizoea hivyo hivyo.

"Kengele imelia, dada."

"Sijaigusa mimi. Labda maji yameingia kwenye waya."

Tulicheka. Tukanywa chai ya tangawizi mpaka mvua ikapusa.


Jumatano, 4 Oktoba

Imelia adhuhuri. Maji.


Jumamosi, 7 Oktoba

Imelia mara mbili. Maji, na maji.


Jumapili, 8 Oktoba

Rama amepanda ngazi kuutazama waya. Ameshuka anatikisa kichwa. Kitambaa kilichouvika kimeoza, kunguru wamekidonoa, na kila penye uchi pakilowa, kengele inadhani mlango umefunguliwa. "Waya umezeeka, Mama Tsuma," akasema. "Ukiziba hapa unatoboka pale. Tutafute kengele mpya."

Tsuma alikuwepo, mwanetu, karani huko bandarini. Akasema kuna Mzungu karibu na pwani ya Shelly anauza kila kitu arudi kwao kabla ya Uhuru. Nyumbani kwake kuna kengele kubwa ya kufunga nje, chini ya paa, inatumia betri ya gari. "Ikilia hiyo, baba, inasikika mpaka kivukoni."

Nikauliza, "Na ya dada Nduku?"

"Nduku ana watu wake," akasema Tsuma.

Nilimtazama. Mtoto huyu alikula muthokoi wa Nduku, mahindi yake ya kukoboa, kabla hajazoea wali wangu. Nilipolala kitandani baada ya kumzaa yule ambaye hakuishi, Nduku ndiye aliyembeba Tsuma mgongoni mpaka nikaamka.

"Tangu lini amekuwa Nduku mtupu? Si mama Nduku?"

Aliinamisha kichwa, lakini hakulirekebisha neno lake.


Alhamisi, 12 Oktoba

Tsuma amekwenda tena mkutanoni. Amerudi sauti imemkauka. Habari ni moja tu siku hizi, Mwambao, pwani ijitawale, nani wa pwani na nani mgeni. Anasema wabara wakishika serikali watachukua bandari, kisha mashamba. Rama anamwambia ale kwanza. Mengine asemayo mwanangu ni kweli. Kazini wamempandisha mtu aliyekuja juzi, yeye wamemwacha palepale. Lakini sioni hayo yanamhusu nini mjane mwenye kuku wanne na kifua kibovu.


Jumatatu, 16 Oktoba

Maji tena. Nimekwenda, nimerudi. Kanzu ya bwana harusi haijaisha, na mwenyewe amekuja kununa mlangoni.


Ijumaa, 20 Oktoba

Nilikaribia nisiende. Naliandika hili ili nisilisahau.

Imelia asubuhi wakati mvua inamwagika, nikasema moyoni, maji hayo. Nikashona mpaka mwisho wa mshono. Halafu roho ikanisuta, nikainuka.

Nilimkuta amepiga magoti chini, mikono imeshika ukingo wa kitanda, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau. Alinitazama asiweze kusema. Nikampa vidonge vya daktari, nikakaa nyuma yake, nikamwegemeza kifuani kwangu nikimpapasa mgongo. Pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi. Tulikaa vile muda mrefu. Mluzi ukapungua, ukawa mkoromo, kisha akavuta pumzi moja ndefu na machozi yakamtoka.

"Umechelewa leo," akasema.

"Nisamehe, dada. Nilidhani mvua."

"Hata mimi nilidhani utadhani mvua." Akanipigapiga kiganja. "Lakini nikasema, Mwanalehema atakuja. Akisha kununa, atakuja."

Nilicheka nikalia pamoja. Wallahi sitaiacha kengele ile tena.


Jumapili, 22 Oktoba

Maji. Nimekwenda.


Jumanne, 24 Oktoba

Alfajiri, maji. Alasiri, maji. Bonde limejaa, unavuka kwa kushika migomba.


Alhamisi, 26 Oktoba

Kutwa mvua. Njia ya Kwale imekatika. Tsuma anasema huko bara daraja la reli limechukuliwa na mto, garimoshi halipiti. Kengele imelia mara nyingi mpaka Rama akaifunika mto wa kulalia, nami nikauondoa.


Jumapili, 29 Oktoba

Leo nimeanguka bondeni. Mguu uliteleza kwenye tope, nikakaa ndani ya maji mpaka kiunoni, na kifundo kikateguka. Nilivuka kwa kutambaa. Nikafika kwa Nduku nimejaa matope kama kambare, nikamkuta anakaanga mandazi huku anaimba wimbo wa kanisani.

Hasira zikanipanda. "Dada Nduku, siku moja nitakufa mimi kwa ajili ya maji kwenye waya wako!"

Akaacha kuimba. Akatoa sufuria motoni, akaleta maji ya moto na chumvi, akaniosha mguu. Alipomaliza akasema taratibu, "Basi usije tena. Ikilia, iache."

"Nitajuaje kama ni wewe au ni mvua?"

"Hutajua."

"Kumbe unaniambia nini?"

"Nakuambia una mguu mmoja mzima, Mwanalehema. Nami sina haki nao."

Sikumwomba radhi. Alinifungia mandazi kwenye kitambaa, akamwita kijana wa jirani aniongoze kurudi.

Nyumbani nilijitupa kitini mbele ya Rama na Tsuma, nikasema kwa sauti, "Laiti kengele ile ingenyamaza, hata wiki moja! Nimechoka mimi. Nimechoka!" Rama alinikanda mguu. Tsuma alinitazama kwa huruma ambayo sijaiona usoni mwake tangu hii mikutano ianze. "Utapumzika, mama," akasema.


Alhamisi, 2 Novemba

Mguu bado. Nduku amekuja mwenyewe, kwa njia ndefu ya barabarani, ameshika mwavuli mkononi na mayai kwenye kikapu. Hatukulitaja neno la Jumapili. Aliketi, akapumua kwanza, akaniuliza mguu, nikamuuliza kifua.

Rama akaona wakati ni huo. Akamweleza habari za kengele mpya, kwamba tumeelewana na yule Mzungu, na fundi Karisa wa Kisauni atakuja kuifunga.

Nduku alisikiliza mpaka mwisho. "Na waya wangu, shemeji?"

"Wako hautaguswa," akasema Rama. "Karisa akimaliza huku, mvua ikipungua, atakuja kukufungia waya mpya kutoka kwako mpaka hapa. Kwa sasa tunauacha huo huo mzee."

"Ahsante. Musyoka angefurahi. Yeye alisema kitu kikizeeka kibadilishwe, kisionewe haya."

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa kuchechemea. Nilimshika mkono. Nadhani alielewa. Alisema, "Ingia ndani, baridi hii."


Jumamosi, 4 Novemba

Maji. Sikuweza kwenda, nikamtuma mwana wa jirani. Amerudi anasema bibi hajambo, amempa andazi.


Jumanne, 7 Novemba

Karisa amefika na pikipiki yake, amevaa koti la mpira. Ni fundi kweli, hana maneno mengi. Kengele yenyewe ni kubwa kama sinia, nyekundu. Ameifunga chini ya paa, betri ameiweka ndani ya kabati la Rama, na swichi nyuma ya mlango. Nyaya mpya zimevikwa mpira mzito, maji hayapiti. Walipoijaribu, kuku wa mtaa mzima wametawanyika na majirani wametoka na rungu. Rama alifurahi kama siku ya Musyoka.

Mimi nilikuwa jikoni nikiwapikia. Tsuma ndiye aliyemshikia ngazi fundi. Hakwenda mkutanoni leo. Nilimsikia anacheka huko nje, nikashukuru.


Jumatano, 8 Novemba

Mvua kubwa kutwa. Kengele kimya. Nimemaliza kanzu mbili bila kuinuka. Alhamdulillahi.


Jumamosi, 11 Novemba

Sijaandika tangu Jumatano. Naandika sasa kwa sababu siwezi kunyamaza.

Alhamisi asubuhi mvua ilisita. Nilisimama uani nikatazama ng'ambo ya bonde. Nduku huwasha moto mapema, moshi wake hutoka kabla ya wangu. Haukuwepo. Nikasema amelala, ni haki yake. Nikaenda kuteka maji, nikarudi, nikatazama tena. Hakuna moshi, na kuku walikuwa bado wanalia ndani ya banda lao.

Nilichukua fimbo ya Rama nikavuka. Mlango wa nyuma una komeo linalofunguka kwa kijiti, yeye mwenyewe alinionyesha. Nikaufungua. Ilinijia akilini nikiwa bado nimeshika mlango kwamba sasa hivi kengele italia kwangu na Rama atashtuka.

Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta. Amekaa, kichwa kimelala juu ya godoro, kama mtu aliyechoka kusali. Nilijua kabla sijamgusa. Alikuwa baridi, na mikono imekwisha kukakamaa. Chupa ya vidonge ilikuwa tupu. Ukutani, pale kilipokuwa kitufe, palikuwa na tundu na nyaya mbili zimening'inia. Kitufe kilikuwa ndani ya kiganja chake. Alikibonyeza mpaka kikang'oka.

Si mara moja alikibonyeza. Ukuta wote mahali pale ulikuwa na alama za kucha.

Nilikaa naye chini. Sijui nilimwambia nini. Nikakifungua kiganja chake kidole kwa kidole, nikakitoa kitufe, nikakitia kwenye pindo la leso, nami sikujua kwa nini nafanya hivyo, ila sikutaka mtu akione. Baadaye nilikitupa chooni.

Halafu nikatoka nje kuufuata waya. Nilitaka kuona mvua imeula wapi. Niliutazama kutoka penuni kwake mpaka mnazi wa kwanza, mpaka wa pili, juu ya bonde, mpaka ukuta wa nyumba yangu. Ulikuwa mzima njia yote. Ukutani kwangu, karibu na dirisha la chumba cha kushonea, ulikuwa umekatwa. Ncha ilikuwa imepinda vizuri na kuzungushiwa utepe mweusi. Kazi safi ya fundi.

Basi Jumatano yote ile, mimi nimekaa chini ya kengele, nikishona, nikishukuru Mungu kwa utulivu, na yeye anabonyeza.

Rama alikuwa barazani. Nikamwambia, "Nduku amekufa. Nani aliukata waya?"

Alisimama, akakaa. "Inna lillahi. Nani kasema umekatwa? Nilimwambia Karisa auache!"

"Nenda katazame."

Alikwenda, akarudi uso umemwanguka. Hapo Tsuma akatokea chumbani, amevaa nguo za kazi, kofia mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Ni mimi," akasema. "Baba alipoingia ndani nilimwambia Karisa aukate. Aliniuliza una kazi gani, nikamwambia hauna kazi tena."

"Kwa nini?" Sikuitambua sauti yangu mwenyewe.

"Nilisema mtu wa bara asiwe na waya ndani ya nyumba yetu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wenzangu. Lakini mama..." Akashika mwimo wa mlango. "Lakini siyo hiyo. Nilikuona umetambaa matopeni. Ulisema laiti ingenyamaza. Nikakunyamazishia. Nilidhani akizidiwa atamtuma mtu. Nilidhani kuna wakati, Karisa atarudi. Nilitaka nikwambie Ijumaa."

Rama akasema, "Ni kadari, Mama Tsuma. Siku yake ilifika."

"Kadari haishiki koleo," nikamwambia. Katika miaka yote ya ndoa sijapata kumjibu vile mbele ya mtoto.

Nilitaka kumpiga Tsuma. Niliinua mkono hasa. Nikamwona usoni, nikaona mtoto yule yule aliyekuwa akilala mgongoni kwa Nduku, na mkono ukashuka wenyewe. Aliyeyasema maneno ni mimi. Yeye aliyatenda tu.


Jumapili, 12 Novemba

Mambo ya mazishi sikuyaandika. Mchungaji Erastus alituma simu ya maandishi Makindu, lakini njia zimekatika na maiti haiwezi kungoja. Wanawake wa kanisani walimwosha, wakaniruhusu nimshike kichwa. Walimzika Ijumaa kwenye viwanja vya kanisa. Tsuma alichimba tangu asubuhi, katika mvua, na kaburi lilikuwa linajaa maji akiyachota kwa ndoo. Wenzake wa mikutano walipita barabarani wakamwita. Hakuinua kichwa. Watu wa kanisani wanasema, kijana huyu alimpenda kweli.

Ndiyo, alimpenda.


Jumanne, 14 Novemba

Mvua. Nyumba kimya.


Jumamosi, 18 Novemba

Kengele mpya imelia alasiri. Paka aliingia dirishani. Majirani wakaja wote, wakacheka, wakanywa maji, wakaenda zao. Tsuma alitoka nje akasimama kwenye mvua mpaka ilipozimwa.


Ijumaa, 24 Novemba

Tsuma hali chakula kinachofaa. Haendi mkutanoni, kazini anakwenda na kurudi. Jana alinijia jikoni, akasema, "Agneta akija, nitamwambia." Nikamwambia, tutaona.


Jumatano, 29 Novemba

Agneta amefika leo. Amesafiri kwa malori na miguu, viatu vyake vimekwisha. Amefanana na mama yake mpaka nimeogopa, paji lile lile, na namna ya kukaa na mikono juu ya magoti. Nilimpeleka kaburini. Alikaa chini akaushika udongo, hakulia kwa sauti.

Analala kwangu. Hawezi kulala kule.


Ijumaa, 1 Desemba

Leo tumefungasha vitu vya Nduku. Vingi Agneta amewapa watu wa kanisani. Nyumba mchungaji atauza mabati na nguzo, kiwanja, ambacho ni chetu tangu mwanzo, kinarudi kwetu. Rama alimwambia Agneta akipenda nyumba ibaki isimame, hatuna haraka. Agneta akasema, "Ibaki ya nani, baba?"

Alasiri tulikuwa chumbani, mimi na yeye, tunakunja mashuka. Tsuma alikuwa anatoa sanduku la vyombo. Agneta alitazama lile tundu ukutani, akasema:

"Kule njiani nilikuwa nikilia, mama. Nikiwaza, amekufa akihangaika peke yake, hana wa kumshika. Kifua kile nakijua, nimekua nikikisikia. Kisha nikaikumbuka kengele ya baba. Nikasema, la. Angezidiwa angebonyeza, na wewe ungekuja. Hujapata kukosa kuja. Kwa hiyo hakuzidiwa. Alikwenda katika usingizi tu. Sivyo, mama?"

Tsuma aliliweka sanduku chini. Nilimwona amevuta pumzi, midomo imefunguka.

"Kengele haikulia," nikasema.

Agneta akafumba macho. Akaangukia begani kwangu, akalia kilio ambacho tangu Jumatano kilikuwa kimemkwama, akarudia, "Namshukuru Mungu. Namshukuru Mungu." Mwili wake wote ukalegea mikononi mwangu. Juu ya kichwa chake nilimtazama mwanangu. Alifunga mdomo, akalibeba sanduku, akatoka.

Nilisema kweli. Sijapata kusema uongo mkubwa kuliko kweli ile.

Magharibi Tsuma alinikuta kisimani.

"Umenifunga mdomo, mama."

"Nimempa usingizi. Wewe unataka kumwondolea usingizi ili upate wako?"

"Huu si usingizi. Anamshukuru Mungu kwa kitu nilichokifanya mimi."

"Muache aende na amani, Tsuma. Nakuomba. Mimi na wewe tutaubeba mzigo huu."

Alinitwika ndoo, akanitangulia kwa taa.


Jumapili, 3 Desemba

Reli imetengenezwa. Jana asubuhi Agneta aliondoka. Kivukoni alinikumbatia, akaniambia mimi ndiye mama aliyebaki, kwamba likizo ya Pasaka atakuja na watoto wamjue bibi yao wa pwani. Nikamwambia, karibuni, mwanangu, karibuni sana. Tsuma alivuka naye kumbebea mzigo mpaka stesheni.

Nilirudi nikapika wali na samaki wa kupaka. Nikamngoja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Aliingia wakati wa magharibi, amelowa, ingawa jana hapakuwa na mvua. Alikuwa amekaa pwani, maji yamemfika.

"Amepanda salama?" nikamuuliza.

"Amepanda."

Nikapakua. Alikitazama chakula asikiguse. Ndipo aliposema, "Nimemwambia."

Nilikishika kijiko. "Umemwambia nini?"

"Yote. Tulikuwa tumesimama kando ya behewa, bado kengele ya kuondoka. Alikuwa ananiambia nikuangalie wewe, unachoka. Nikashindwa, mama. Nikamwambia waya niliukata mimi, na mama yake alibonyeza."

"Akasemaje?"

"Alinitazama tu. Mzigo wake nilikuwa nao mimi, nimeukumbatia hivi. Aliuchukua mikononi mwangu, polepole, kama unavyomchukua mtoto kwa mtu usiyemwamini. Akapanda. Nilikwenda dirishani kwake. Akahamia upande wa pili."

Rama aliinuka akatoka nje. Nilibaki na Tsuma na chakula kikipoa kati yetu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumlaumu, yote yamepangika, na sikuyasema. Nilimwona amekaa mbele yangu mwepesi kidogo, na pumzi zake zinatoka. Na mimi nikajua kwamba huko njiani, baada ya Mariakani, baada ya Voi, kuna mtu anayezidi kulielewa lile jibu langu la kengele, neno kwa neno, kila stesheni inayopita.

Leo nimekwenda ng'ambo ya bonde kufungua banda. Kuku ni wangu sasa, Agneta aliniachia. Wamekataa kunifuata.